Dira, Saa na Mwendo wa Kombo: Namna Meli Zilivyozikwepa Nyambizi Vitani

Dira ya meli ilibuniwa ili nahodha aweze kushika njia moja kutoka bandari hadi bandari bila kupotea. Katika vita viwili vikuu vya dunia vya karne ya 20, hata hivyo, chombo hichohicho kilitwishwa kazi iliyoonekana kwenda kinyume na ile ya asili, nayo ni kumwezesha nahodha kuiacha njia yake kila baada ya dakika chache, kwa kipimo na wakati uliopangwa, kisha kuirudia bila kukosea. Mwendo huo wa kombokombo, uliojulikana kwa mabaharia wa mataifa mengi kama zigizaga, ulikuwa mojawapo ya kinga za meli za abiria, meli za shehena na hata manowari kubwa dhidi ya nyambizi, yaani manowari inayopiga mbizi na kushambulia ikiwa imejificha chini ya maji. Ili mwendo huo ufanikiwe, dira, saa na mtu aliyeshika usukani vililazimika kwenda pamoja, na juu ya hayo kila nahodha aliyekuwa karibu alipaswa kuuelewa mpango ule kwa namna ileile. Historia ya vita hivyo inaonyesha kwamba chombo kizuri peke yake hakikutosha pale maelewano hayo yalipokosekana.

Hesabu ya mshambuliaji

Kuielewa kazi ya dira katika kukwepa kunahitaji kwanza kuielewa hesabu ya adui aliyekuwa akikwepwa. Silaha kuu ya nyambizi ilikuwa topedo, kombora linalosafiri ndani ya maji kwa mtambo wake lenyewe na kulipuka linapogonga ubavu wa meli. Topedo za kawaida za enzi hizo hazikuwa na uwezo wa kuifuata meli iliyobadili njia. Zikishafyatuliwa zilishika mstari ulionyooka, hivyo kamanda wa nyambizi hakulenga mahali meli ilipokuwa bali mahali ambapo ingekuwa wakati topedo inafika. Ili apajue mahali hapo ilimbidi akadirie mambo matatu kwa kuchungulia kupitia periskopu, ambayo ni bomba lenye vioo linalochomozwa juu ya maji: umbali wa meli, kasi yake na mwelekeo wake.

Topedo ya umeme ya Ujerumani iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili, aina ya G7e, ilikwenda kwa kasi ya takriban maili 30 za baharini kwa saa, maili moja ya baharini ikiwa ni mita 1,852. Topedo hiyo ikiwa na mwendo wa mita 1,500 wa kuvuka ilihitaji kiasi cha sekunde 97 kufika, na katika muda huo meli inayokwenda maili 15 kwa saa husogea mita 750 hivi, kwa hiyo kamanda alilazimika kulenga mita 750 mbele ya meli aliyokuwa akiitazama. Meli hiyo ikigeuka nyuzi 25 mara tu baada ya topedo kufyatuliwa, basi, tukiacha kando muda ambao chombo kikubwa huchukua katika kugeuka, itajikuta zaidi ya mita 300 kutoka pale ilipotarajiwa, na topedo itakuwa na nafasi kubwa ya kupita kwenye maji matupu.

Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi kuliko hiyo ya kwanza, ingawa haionekani upesi. Nyambizi za wakati huo zilikuwa na kasi juu ya maji lakini zilikuwa nzito wa mwendo zikiwa chini; aina ya VII ya Ujerumani, iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine zote, ilifikia maili 17 kwa saa ikielea, lakini ilipozama haikufika hata maili 8, na kwa kasi hiyo betri zake ziliisha nguvu baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo nyambizi haikuweza kuikimbiza meli yenye kasi, bali ilijitega mbele yake na kuisubiri, na pindi moja tu la zigizaga liliweza kuitoa meli nje ya mtego kabla ya topedo hata moja kufyatuliwa.

Somo hilo lilipatikana kwa uchungu. Tarehe 22 Septemba 1914 nyambizi moja ya Ujerumani, U-9, ikiongozwa na Otto Weddigen, ilizamisha katika Bahari ya Kaskazini manowari tatu za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, moja baada ya nyingine, na kuua zaidi ya watu 1,400. Manowari hizo zilikuwa zikienda polepole na kwa njia iliyonyooka. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Mei 1915, meli ya abiria ya Lusitania ilipigwa na nyambizi U-20 karibu na pwani ya Ireland ikiwa inakwenda moja kwa moja kwa kasi ya maili 18 hivi kwa saa, ikazama kwa muda wa dakika 18 na watu wapatao 1,200 wakapoteza maisha. Kufikia mwaka 1917, Ujerumani ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari ingezamisha meli bila onyo wala kubagua, mwendo wa zigizaga ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya baharini.

Kazi ya dira katika kugeuka

Dira ya sumaku iliyotumika katika meli nyingi za nyakati hizo ilikuwa na sehemu chache zenye kazi zinazotegemeana. Ndani ya bakuli la shaba lililojaa mchanganyiko wa maji na alkoholi mlielea kadi ya mviringo iliyoandikwa nyuzi kuanzia 0 hadi 360, na chini ya kadi hiyo zilifungwa sindano za sumaku zilizoivuta ielekee kaskazini daima. Kwenye ukingo wa ndani wa bakuli ulichorwa mstari mmoja mfupi ulioelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, na mstari huo ndio uliomwongoza mshika usukani: namba ya kadi iliyosimama mbele yake ndiyo iliyokuwa mwelekeo wa meli kwa wakati huo. Kadi haikuzunguka; meli, bakuli na mstari wa omo ndivyo vilivyoizunguka kadi iliyotulia, na mtu asiyelishika jambo hilo angeweza kuuzungusha usukani upande usiostahili.

Chombo hicho kilifaa sana kwa safari ndefu ya njia moja, lakini zigizaga ilikiletea matatizo mawili. Tatizo la kwanza ni kwamba meli ikigeuka ghafla, maji ya bakuli huanza kuzunguka pamoja nayo na kuikokota kadi, hata mshika usukani akaona namba isiyo ya kweli mpaka kadi itulie, na mtu mwenye haraka angeweza kupita kipimo alichoamriwa, akarudi nyuma, kisha akapita tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianza kutumia dira ya maji iliyoboreshwa na afisa wake Louis Chetwynd, ambayo kadi yake ilikuwa ndogo kuliko bakuli kwa kiasi cha kutosha ili mzunguko wa maji ya ukingoni usiifikie kwa nguvu, na hatua hiyo iliifanya dira itulie upesi zaidi baada ya kugeuka.

Tatizo la pili lilitokana na chuma cha meli yenyewe, ambacho huivuta sindano ya dira na kuleta kosa liitwalo mchepuko. Kosa hilo halilingani kwa kila upande, kwa kuwa meli inapogeuka chuma chake hukaa tofauti kuihusu kaskazini ya sumaku. Meli inaweza kuwa na mchepuko wa nyuzi 3 upande mmoja inapoelekea mashariki, kisha mchepuko wa nyuzi 1 upande wa pili baada ya kugeuka kidogo tu. Mafundi wa dira walilipunguza kosa hilo kwa kuweka sumaku ndogo ndani ya kasha la dira na mipira miwili ya chuma kandokando yake, na kosa lililobaki waliliandika kwenye jedwali ambalo ofisa wa zamu alilitazama kila alipotoa amri. Meli iliyoshika njia moja ilihitaji kusoma mstari mmoja wa jedwali kwa saa nyingi, ilhali meli ya zigizaga ilihitaji mstari tofauti kila baada ya dakika chache. Mambo yalizidi kuwa magumu kuanzia mwaka 1939, kwa sababu nyaya za umeme zilizozungushwa ndani ya meli ili kupunguza usumaku wake na kuikinga dhidi ya mabomu ya sumaku yaliyotegwa baharini ziliivuruga dira pia, na ilibidi dira isawazishwe upya.

Ufumbuzi mkubwa ulikuwa dira ya gairo, ambayo haitumii sumaku kabisa. Ndani yake mna gurudumu zito linalozungushwa na umeme kwa kasi kubwa sana, ambalo kwa kusaidiwa na mzunguko wa dunia hujielekeza kwenye kaskazini halisi na kubaki hapo. Hermann Anschütz-Kaempfe wa Ujerumani aliitoa dira yake ya kwanza iliyofaa kwa matumizi mwaka 1908, na Mmarekani Elmer Sperry akafuata na yake mwaka 1911. Dira ya gairo haikuathiriwa na chuma cha meli, tena iliweza kupeleka mwelekeo wake kwa njia ya umeme hadi kwenye dira ndogo zilizounganishwa nayo, moja mbele ya usukani, nyingine kwenye daraja la nahodha, nyingine kwenye chumba cha mizinga, hivyo wote walisoma namba moja kwa wakati mmoja.

Hata hivyo ubongo wa mshika usukani ulibaki na mzigo wake, kwa maana kila pindi lilimdai ajumlishe au atoe nyuzi, usiku, akiwa amechoka, na huku akijua kwamba adui huenda anamtazama. Wazo lililozaa dira za kukwepa lilikuwa kuuhamisha mzigo huo kutoka kwa mtu kwenda kwenye chombo, na kanuni yake ni nyepesi. Tuseme meli inaelekea mashariki, nyuzi 90, na mstari wa omo umewekwa kwenye pete inayoweza kuzungushwa. Pete hiyo ikisogezwa nyuzi 25 kushoto, namba itakayosimama mbele ya mstari itakuwa 65. Mshika usukani, ambaye kazi yake ni kuiona 90 tu, ataigeuza meli kulia mpaka 90 irudi mbele ya mstari, na hapo omo itakuwa imeelekea nyuzi 115. Yeye hakupiga hesabu yoyote, kwani namba anayoifuata haikubadilika tangu mwanzo wa safari. Hatari ya mpangilio huo nayo ni dhahiri: pete ikisahauliwa isirudishwe, meli itakwenda upande usiokusudiwa huku kila anayeitazama dira akiamini kwamba mambo ni shwari.

Saa yenye kengele

Dira ilijibu swali la kugeuka kwa kiasi gani, lakini swali la kugeuka lini lilijibiwa na saa ya zigizaga. Kwa sura ilikuwa saa ya kawaida ya meli, ila ukingo wa uso wake ulikuwa na vibano vidogo vya chuma vilivyoweza kusogezwa na kukazwa kwenye dakika yoyote. Mshale wa dakika ulipokigusa kibano, umeme ulipita na kengele ikalia kwenye chumba cha usukani. Ofisa alipanga vibano kulingana na mpango uliochaguliwa, na tangu hapo kila mlio wa kengele ulikuwa amri ya kugeuka.

Umuhimu wa saa hiyo ulionekana hasa katika msafara, yaani kundi la meli nyingi zinazosafiri pamoja chini ya ulinzi wa manowari. Meli za msafara zilikwenda kwa safu zilizokaribiana, mara nyingi bila taa usiku, na kama moja ingegeuka mapema na jirani yake ikachelewa, zingegongana. Kwa hiyo mipango ya zigizaga ilipewa namba na kuandikwa katika vitabu vya siri, saa za meli zote zikalinganishwa, na kiongozi wa msafara akatangaza tu namba ya mpango na wakati wa kuanza. Jahazi linalobisha kwenda kinyume cha upepo hufanya mapindi yanayofanana na hayo, lakini nahodha wa jahazi huchagua mahali pa kugeuka kwa kuutazama upepo na fungu la mwamba, ilhali nahodha wa msafara hakuwa na hiari hiyo. Alifungwa na saa.

Mpango Namba 8 na ajali ya mwaka 1942

Mpango mmoja unaofahamika vizuri, kwa kuwa ulichunguzwa mahakamani, ni zigizaga Namba 8 ya Uingereza. Mzunguko wake ulikuwa wa dakika 40: meli ilishika njia kuu kwa dakika 4, ikageuka nyuzi 25 kulia kwa dakika 8, ikageuka nyuzi 50 kushoto kwa dakika 8, ikarudi kwenye njia kuu kwa dakika 4, ikaenda nyuzi 25 kushoto kwa dakika 8, ikageuka nyuzi 50 kulia kwa dakika 8, kisha ikarudi tena kwenye njia kuu. Meli iliyokwenda maili 28.5 kwa saa kwa mpango huo ilisonga mbele kwa wastani wa maili 26.5 hivi tu kwa saa, hivyo kwa siku nzima ilipoteza kiasi cha maili 50, na hiyo ndiyo bei iliyolipwa kwa ajili ya usalama.

Tarehe 2 Oktoba 1942 meli kubwa ya Queen Mary, yenye ukubwa wa zaidi ya tani 80,000 na iliyobeba maelfu ya wanajeshi wa Kimarekani, ilikuwa ikifuata mpango huo kaskazini mwa Ireland. Manowari ya kuilinda, Curacoa, chombo cha zamani cha tani 4,200 hivi, ilikuwa ikienda njia iliyonyooka karibu nayo kwa kasi ndogo kidogo, kwa hiyo Queen Mary iliendelea kuikaribia na kila pindi la zigizaga lilibadili nafasi kati yao. Kila nahodha aliamini kwamba ni mwenzake atakayempisha: wa Queen Mary alichukulia kwamba mlinzi ataukubali mpango wa zigizaga na kujiweka kando, naye wa Curacoa alichukulia kwamba meli inayokuja kutoka nyuma ndiyo yenye wajibu wa kuepa, kama sheria za kawaida za bahari zinavyotaka. Mchana huo, hali ya hewa ikiwa nzuri, omo ya Queen Mary iliikata Curacoa vipande viwili. Zaidi ya watu 330 walikufa na wapatao 100 tu waliokolewa na manowari nyingine, kwa kuwa Queen Mary yenyewe ilikuwa chini ya amri ya kutosimama kwa hofu ya nyambizi.

Kesi iliyofuata baada ya vita ilipanda hadi Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo mwaka 1949 lilithibitisha kwamba theluthi mbili za lawama ziko kwa Curacoa na theluthi moja kwa Queen Mary. Mkasa huo ulikuwa wa maelewano: mpango ulikuwapo na ulifuatwa, lakini haikuwekwa wazi kati ya manahodha wawili ni nani angempisha nani mapindi yanapozikutanisha meli zao.

Kinga iliyogeuzwa kuwa kosa

Mkasa wa pili ulihusu meli ambayo haikwenda zigizaga. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 1945 manowari ya Marekani, Indianapolis, iliyokuwa imekwisha kupeleka kisiwani Tinian sehemu za bomu la atomiki, ilipigwa na nyambizi ya Japani, I-58, ikiwa njiani kutoka Guam kwenda Leyte. Kati ya watu karibu 1,200 waliokuwamo waliokolewa 316 tu, baada ya kukaa baharini kwa siku kadhaa bila mtu wa nchi kavu kujua kwamba wamezama. Nahodha Charles McVay alikuwa ameachiwa hiari ya kwenda zigizaga au kutokwenda, na usiku huo wenye mawingu aliamua kusitisha. Pamoja na hayo, mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mwezi Desemba 1945 kwa kuihatarisha meli yake kwa kutokwenda zigizaga. Kamanda wa I-58, Mochitsura Hashimoto, aliyeletwa Washington kutoa ushahidi, alieleza kwamba zigizaga isingebadili matokeo. McVay alijiua mwaka 1968, na ilipofika mwaka 2000 ndipo Bunge la Marekani lilipopitisha azimio la kumsafisha.

Ushahidi wa Hashimoto unakubaliana na hesabu iliyoelezwa hapo juu. Zigizaga huharibu makadirio ya nyambizi iliyo mbali au iliyokaa vibaya, lakini nyambizi iliyokwisha kujiweka mahali pazuri, iliyo karibu na inayofyatua topedo kadhaa kwa mtawanyiko, bado huweza kupata shabaha, na kwa bahati mbaya pindi la zigizaga laweza hata kuipeleka meli kwa adui ambaye isingemkuta. Mbinu hiyo ilipunguza uwezekano wa kupigwa bila kuufuta, na kumhukumu mtu mmoja kana kwamba ingemhakikishia usalama kulikuwa dhuluma.

Watu wa Afrika Mashariki nao waliionja hatari hiyo. Meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kwenda Colombo katika msafara uliolindwa na manowari, ilizamishwa na nyambizi ya Japani, I-27, karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi na kuua karibu watu 1,300, wakiwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari za ulinzi ziliisaka I-27 na kuizamisha siku hiyohiyo, lakini kwa waliokwisha kufa hilo halikusaidia kitu.

Dira na saa za zigizaga ambazo leo zimekuwa mali ya makumbusho na ya wakusanyaji wa vitu vya kale zinastahili kutazamwa kwa jicho la haki. Wasanifu wake walifanya kazi nzuri ya kumpunguzia mshika usukani mzigo na kumnyang'anya adui uhakika wa hesabu yake, na nahodha aliyezitumia kwa nidhamu aliwapa watu wake nafasi bora ya kufika. Lakini kazi ya kupanga, kuelewana na kuwajibika ilibaki mikononi mwa binadamu, na vyombo vya sasa, hata vikiwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko vile, haviwezi kuwaondolea manahodha na wakubwa wao wajibu huo.